Skrubu Nyuma ya Bandari Tulivu

Ukitaka kumuudhi Badawi, mwambie kitu alichokiunda kimelegea. Hatakujibu. Atachukua drili yake, aende akakikaze mpaka kisitikisike hata ukikipanda juu na jamaa zako wote, kisha atakutazama kimya, kama anayesema haya, lete jingine. Ndivyo alivyoumbwa, na hakuna aliyeweza kumbadilisha, si mkewe, si mabosi zake, si jua la Dubai.

Ni Mlamu, mtoto wa seremala. Marehemu babake alikuwa akiunda vitanda na milango, na alimfundisha kwa maneno machache na makofi mengi. Neno alilolirudia kuliko yote ni kwamba skrubu fupi ni ahadi ya mlevi. Skrubu lazima ipite ubao wa kwanza, ipite wa pili, na ibaki na urefu wa akiba. Badawi alikua na hilo mkononi kama wengine wanavyokua na alama ya ndui. Miaka saba sasa anaunda makasha ya mbao katika ghala moja la Ras Al Khor, hapo Dubai. Nje ya ghala, barabara nzima wanauza injini kuukuu, milango ya magari, na vioo vya pembeni. Ndani ni baridi na kimya, na rafu kwa rafu zimewekwa picha za watu wenye picha nyingi kuliko kuta. Picha ikisafiri, Badawi ndiye huiundia kasha.

Aliyekuwa na sauti ya mwisho juu ya picha ni Madam Raghad, mama wa Kilebanoni mwenye miwani ya kamba na ulimi usio na sukari. Sheria zake zilibandikwa ukutani. Penseli tu, kalamu marufuku. Picha haibebwi na mtu mmoja. Kuta za kasha hukazwa kwa skrubu fupi, zile za boksi jeupe. Na picha ikishaingia ndani ya kasha, hakuna kuongeza kitu bila yeye kuambiwa. Badawi alizijua sheria hizo kwa moyo, na kwa miaka saba hakuvunja hata moja.

Wiki ya mkasa huu, akili yake ilikuwa nusu kazini, nusu kwengine. Mkewe Shifaa na binti yao Arwa, mwenye miaka tisa, walikuwa wanakuja Ijumaa alfajiri. Kuja kukaa, si kutembea. Badawi alishahama chumba cha watu sita alichokaa na wenzake, akakodi chumba chake mtaa wa International City, akatundika pazia, akanunua kitanda kidogo cha Arwa, kisha akakifungua chote na kukikaza upya kwa sababu kilikuwa cha dukani na hakumuamini aliyekiunda. Viza za mama na mtoto zilitoka kwa jina lake, na jina lake lilisimama juu ya kazi yake. Kazi ikianguka, kila kitu kinaanguka nayo. Hilo alilijua kila mtu pale ghalani, na yeye alilijua kuliko wote.

Picha yenyewe ililetwa Jumapili. Ilichorwa na Mfaransa mmoja miaka mia mbili na hamsini na ushei iliyopita, na mwenye nayo, tajiri wa hapa mjini, alikuwa anaiazimisha kwenye maonyesho huko huko Ufaransa. Ilikuwa picha ya bandari asubuhi. Maji yamelala, hayana hata kikunjo. Merikebu mbili zimekunja matanga, mnara umesimama upande wa kushoto, wanawake wamekaa juu ya mapipa, na mwanamume mmoja anavuta kiko kama mtu asiyedaiwa na yeyote duniani. Juu yao mbingu pana, ya rangi ya maziwa yaliyotiwa asali kidogo. Wafanyakazi wote walipita kuiangalia, na wote walisema masha Allah, utulivu ulioje.

Badawi peke yake haikumkaa. Yeye amelelewa na bahari, na bahari iliyonyamaza namna ile haikumpa raha. Kimya kingi kina mshindo mkuu, alisema, na wenzake wakamcheka, wakamwambia basi mpigie simu Mfaransa umwambie atie mawimbi.

Madam Raghad aliikagua kwa tochi saa tatu nzima. Aliilaza tochi ubavuni ili kila ufa utoe kivuli chake, akaandika kila kitu. Alipomaliza, aliwaita wamsikilize. Picha hii, alisema, imepita vita, imepita bahari, imepita mikono ya watu wasiojua kitu, na haina tundu hata moja. Alilisema kwa sauti ya mama ambaye mwanawe amefaulu mtihani.

Jumatano asubuhi wakaifunga. Ikaingia kasha vizuri, sponji pembeni, uso mbele, mgongo nyuma. Dereva, Musab, alikuwa keshawasha lori na anaita yalla, yalla, ndege haingoji mtu. Badawi akafunga ukuta wa nyuma, akaupiga kwa kiganja. Ukanesa. Kidogo tu, kama plaiwudi yoyote inavyonesa. Seremala mwengine angeuacha. Lakini Badawi na kitu kinachonesa? Akachukua kipande cha ubao, akakilaza katikati ya ukuta ule kwa nje, na mkono wake ukaingia kwenye boksi la kwanza lililokuwa karibu ukatoka na skrubu sita, mbili akazitia mfukoni. Moja, mbili, tatu. Ya nne aliizamisha kupita zile; iliuma mbao, ikauma, na mwisho kabisa ikaenda bure, wepesi wa ghafla usiokuwa kwa zile tatu. Kidole chake kilihisi. Musab akapiga honi, na kidole kikasahau.

Msimamizi wao alikuwa Irshad, Mmombasa, rafiki yake wa tangu zamani na ndiye aliyemuingiza kazini. Kazi yake ni kukagua kasha kabla ya kutia sahihi. Alitia sahihi bila kunyanyua macho, na lori likaondoka.

Badawi akafagia, akapanga vifaa. Hapo ndipo alipoliona boksi jeupe la pili, lile la skrubu fupi aliloletewa la kwanza lilipoisha kwenye kuta, limekaa juu ya meza na karatasi yake ya gundi haijachanwa.

Akalitazama. Akatia mkono kwenye mfuko wa aproni, akatoa skrubu mbili zilizobaki. Zilikuwa ndefu. Akakusanya kipande cha plaiwudi na kipande cha ubao, unene ule ule, akavibana, akapitisha moja ya zile ndefu. Ncha ikatokeza upande wa pili, inang'aa, urefu wa pingili ya kidole gumba. Na kati ya ukuta wa kasha na mgongo wa picha kulikuwa na nafasi ya kidole kimoja, lakini kidole cha nani, hakuna aliyepima.

Alikwenda kuswali adhuhuri na hajui kama aliswali rakaa tatu au tano. Kila akisujudu alikuwa anaisikia ile skrubu ya nne ikienda bure. Ilienda bure kwenye hewa? Au ilienda bure kwenye kitambaa cha miaka mia mbili na hamsini? Na kama haijagusa sasa, ndege ikitikisika si itagusa? Kitambaa cha picha kimewambwa kama ngoma, kikitetema kinakwenda mbele na nyuma. Saa saba za ndege, kinadonolewa na chuma.

Alimvuta Irshad nyuma ya rafu akamwambia yote, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye homa. Irshad alimsikiliza mpaka mwisho, akageuka rangi, kwa sababu aliikumbuka sahihi yake. Kisha akaanza kumpigia hesabu za wanadamu. Kasha lile, alisema, litashikwa na watu wa uwanja wa ndege, na wapakiaji, na Wafaransa wenyewe. Likifunguliwa huko wiki ijayo, nani atajua mkono wa nani? Akamkumbusha kuhusu Ijumaa. Akamkumbusha kijana mmoja wa ghala la jirani aliyevunja chombo cha watu, akafunguliwa kesi, akazuiwa kusafiri, akakaa mwaka mzima hana kazi wala njia ya kurudi kwao.

"Funga bakuli lako, yakhe," alimwambia. "Si kwa ajili yangu. Kwa ajili ya Shifaa."

Uongo. Nusu ilikuwa kwa ajili yake mwenyewe, na wote wawili walijua. Lakini hofu haichagui rafiki, na Badawi akanyamaza. Alirudi kwenye meza yake akashika msumeno, asijue anakata nini.

Kama kwamba haikutosha, simu ikalia. Shifaa. Alikuwa anafunga mizigo, anataka kujua kama viungo vya pilau vinaruhusiwa, na kama kule kuna baridi ya kutosha kuvaa sweta. Arwa akanyang'anya simu, akauliza kama ni kweli nyumba ina lifti, na kama anaruhusiwa kubonyeza yeye. Badawi akasema ndiyo, ndiyo, utabonyeza wewe. Akacheka mahali pa kucheka. Alipokata simu, shati lilikuwa limemganda mgongoni, na humo ndani ni baridi ya kuvaa koti.

Alifika mlangoni kwa Madam Raghad mara ya kwanza, akarudi. Mara ya pili akashika kitasa, akarudi. Usidhani alikuwa anawaza mambo makubwa ya haki na batili. Alikuwa anaogopa tu, anaogopa huku na anaogopa kule, na hofu zote mbili zilikuwa kubwa kumshinda. Kilichomsukuma mara ya tatu, alisema baadaye, ni kwamba hakuweza kuvumilia kuwa kitu alichokifunga kwa mkono wake kiko njiani kinajitoboa, na yeye anajua.

Akaingia, akasema. Aliweka mezani kile kipande cha plaiwudi chenye ncha imetokeza, kwa sababu maneno yalikuwa hayamtoshi.

Madam Raghad hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Aligusa ile ncha kwa kidole, akauliza zilikuwa ngapi na zilikaa wapi, kisha akanyanyua simu. Bahati, Musab alikuwa bado kwenye foleni ya malori langoni mwa uwanja wa ndege. Akaambiwa ageuze, na aendeshe taratibu. Ndege ikaondoka bila bandari yake. Watu wa ofisini wakaanza kupita huku na huko na simu masikioni, na kila aliyepita alimtazama Badawi mara moja tu.

Kasha liliposhushwa saa tisa mchana, Badawi alishika drili akitaka kulifungua pale pale, ajue moja. Madam Raghad akamzuia kwa mkono. Kasha lilikuwa limekaa juani karibu saa nne, na sheria haikujali nani anaogopa. Kitu kilichotoka joto kinapumzishwa kwenye ubaridi siku nzima, usiku na mchana, bila kufunguliwa, la sivyo rangi kuukuu hushtuka ikabanduka. Ulaze mkono wako, alisema. Mpaka kesho saa tisa.

Hebu fikiria. Siku nzima kasha liko mbele yake, hatua tatu kutoka kwenye meza yake, na jibu limo ndani, na hapati kulitoa. Alikwenda nyumbani hakula. Alikaa juu ya kitanda kidogo cha Arwa akitazama pazia. Alhamisi alirudi kazini akapewa kazi ya kukata mbao za kasha jengine, akazikata zote fupi kwa kidole kimoja, zikatupwa. Irshad hakumsemesha. Kila akipita alikuwa anatazama chini, kama mtu aliyeangusha kitu.

Saa tisa wakakusanyika. Madam Raghad na tochi yake, Irshad, bwana mmoja wa ofisini aliyevaa suti, na Badawi. Aliyeshika drili alikuwa yeye. Madam ndiye aliyetaka hivyo. Aliyezitia anajua zilivyoingia, alisema, basi azitoe yeye, na azitoe kwa mkono, si kwa umeme.

Badawi akaweka drili chini, akachukua bisibisi. Akasema bismillahi, ikatoka nusu. Skrubu ya kwanza ilitoka safi. Ya pili safi. Ya tatu safi, na ncha yake ilikuwa inang'aa, na bwana wa suti akashusha pumzi. Ya nne ikazunguka, ikazunguka, ikafika mwisho wa mbao, na badala ya kutoka ikashika kidogo, kama ndoano inavyoshika wavu. Alisimama. Jasho likamdondoka puani. Madam akamwambia polepole, rudisha nyuma robo, sasa vuta. Ikatoka. Kwenye ncha yake kulikuwa na uzi mmoja, mwembamba, wa rangi ya kahawia.

Waliondoa ukuta, wakaitoa picha watu wawili kama sheria inavyotaka, wakaisimamisha. Madam akaweka tochi nyuma ya kitambaa cha picha na kumwambia Badawi aende mbele. Bandari ilikuwa vile vile. Wanawake juu ya mapipa, mwanamume na kiko chake, maji hayana kikunjo. Na juu, katikati ya ile mbingu tulivu, pakawaka nukta moja ya mwanga, ndogo kama punje ya dengu. Badawi akashika meza.

Madam Raghad akaandika. Aliandika muda mrefu, kwa penseli. Alipomaliza alisema kwamba tundu litazibwa. Akasema kama kasha lingepanda ndege, lingefika na mpasuko wa mkono mzima, na hilo lisingezibika. Hilo alilisema akimtazama bwana wa suti, si Badawi. Kisha akauliza nani alikagua.

Badawi alikuwa tayari kusema hajui. Lakini Irshad, ambaye tangu jana alikuwa mtu wa kuficha, akafungua mdomo. "Mimi. Sikukagua, madam. Nilitia sahihi tu."

Ofisini walikaa chini ya saa moja. Kesi haikufunguliwa. Madam Raghad alisimama kidete kwamba mtu aliyekuja mwenyewe hashtakiwi, na mwenye picha, alipopigiwa simu, aliuliza tu kama itazibika. Lakini bwana wa suti hakuwa tajiri wa huruma. Irshad alishushwa cheo. Badawi aliambiwa aendelee mwezi mmoja, siku thelathini, kisha khalas, viza inafutwa, yeye na waliomo chini yake. Alipewa karatasi akaitia sahihi papo hapo, maana lililokuwa linaogopwa lilikuwa limeshafika.

Alitoka nje, akasimama barabarani kati ya injini kuukuu, joto likampiga usoni. Ilikuwa karibu saa kumi na mbili. Shifaa alikuwa keshafika uwanja wa ndege wa Mombasa, keshapimisha mizigo. Badawi alimpigia. Hii ndiyo simu aliyoiogopa kuliko skrubu, kuliko polisi, kuliko Madam Raghad, na alikuwa ameipanga kichwani iwe ndefu yenye utangulizi. Ikatoka fupi. Alimwambia alichokifanya, alichokisema, na kilichompata. Akamwambia chumba kipo, pazia lipo, lakini ni siku thelathini tu, baada ya hapo wote warudi. Shifaa alikuwa ameuza vyombo vyake, ameaga mtaa mzima, amemuandikisha mtoto shule ya huku. Akamwambia kama anataka kugeuza arudi nyumbani sasa hivi, kabla ya aibu ya kurudi na masanduku, yeye hatamlaumu.

Upande wa pili kukawa kimya. Alisikia matangazo ya ndege, alisikia sauti ya Arwa akiuliza kitu, akanyamazishwa. Badawi akafumba macho, akangoja, na hofu yake yote iliyobaki ilikuwa humo kwenye kile kimya.

"Baba Arwa," Shifaa alisema, "mara ya mwisho ulikuja kwa siku ishirini na moja. Hizi ni thelathini. Wanatuita, sisi tunapanda."